Mkalimani Aliyejifunza Kunyamaza

Marehemu niliyemtangaza mimi alikuja mwenyewe Kabazana akapanga mstari, begi kichwani, na hasira mingi kuliko begi.

Anaitwa Pascasie, Mrundi. Miezi miwili kabla yake alikuwa amefika mume wake, mzee Gervais, na mkalimani wake nilikuwa mimi, Apolline. Kazi yangu ni hiyo: wakimbizi wanaofika Uganda wanaandikishwa Kabazana kabla ya kupewa viwanja kambini Nakivale, na mimi nabeba maneno yao kutoka Kirundi, Kifuliiru au Kiswahili chetu cha Kongo mpaka Kiingereza cha ofisa. Siku ile ofisa aliuliza, mke wako yuko wapi? Mzee akasema, "Mke wangu..." akainamisha kichwa, akaangalia viatu vyake. Mimi hapo hapo nikageuka, nikasema kwa Kiingereza safi kabisa kwamba mke alifariki. Nikaongeza na pole.

Sikuwa na ubaya, Mungu ni shahidi. Kwetu Sange, huko Kongo, mtu akifika kwenye neno la kifo, humwachi alitamke mwenyewe. Anaanza, unammalizia, anaitikia kwa kichwa, mnaendelea. Mama yangu alikuwa hivyo, shangazi zangu hivyo, na kwenye kilio mtu anayemwacha mfiwa ahangaike na neno lile peke yake tunamwona hana utu. Kumbe mzee alikuwa anaona haya tu. Waligombana, mke akakataa kumfuata, akabaki Tanzania kwenye kambi ya Nyarugusu, mzima wa afya.

"Nani ameniua?" Pascasie akauliza pale dirishani, na watu wote wakaniangalia.

Aibu gani hiyo, jamani! Wiki tano alilala kwenye jengo la wageni, mume wake analima kiwanja peke yake, ju karatasi niliyoisababisha mimi ilisema mwanamke huyu hayuko duniani. Kila asubuhi nilimpita kwenye mstari wa uji, na kila asubuhi alipaza sauti: "Mwaramutse, mkalimani! Marehemu anakusalimu!" Watu wanacheka. Mimi nilikuwa nacheka nao, halafu naingia chooni kulia.

Ofisa wangu, Kansiime, ni Munyankore, mtu mpole asiyependa kelele. Aliniita pembeni. "Mama Vanessa, mimi nataka maneno ya mutu, si maneno yako. Wewe unaongeza. Ukiongeza tena mara moja, mimi natafuta mukalimani mwingine."

Nilitaka kumjibu, na majibu nilikuwa nayo, hata saba. Lakini kazi hiyo ndiyo ilikuwa inamsomesha Vanessa wetu mjini Mbarara, ju mgongo wa baba yake, Elisée, hauwezi tena jembe. Na niseme ukweli, kazi yenyewe naipenda. Nikayameza yote saba.

Jumamosi nikaenda Mbarara kuchukua yunifomu ya Vanessa kwa Gaudiose. Huyu ni Mrundi, aliwahi kuwa mtawa miaka kumi na mmoja huko Gitega, sasa anashona nguo za shule katika chumba kimoja mtaa wa Nyamityobora. Nilifika nikaanza kumgombeza juu ya vifungo kabla hajanionyesha vifungo vyenyewe. Alingoja nimalize. Alingoja tena kidogo. Halafu akasema, "Mama Vanessa, una shida gani?" Nikamwaga yote, Gervais, Pascasie, Kansiime.

"Kichwa chako si kibaya," akasema. "Kina haraka tu. Haraka inaweza kufundishwa kukaa."

Akanikalisha kwenye kigoda, mgongo wima, mikono juu ya mapaja. Nihesabu pumzi zangu moja mpaka kumi, basi. Mawazo yakinipeleka fasi ingine, nirudi kwenye moja, bila kujitukana. Nikamuuliza kama mambo hayo hayana mapepo, ju mchungaji wetu ana maswali. Akacheka. "Mapepo yanapenda makelele, dada yangu. Hapa tunafunga mdomo tu."

Siku ya kwanza sikuvuka nne. Nafika tatu, namkuta Pascasie. Narudi moja, nafika mbili, nagombana na jirani anayefungia mbuzi kwenye maharage yangu. Watu wanaosema kukaa bure ni kazi rahisi hawajajaribu. Nilitoka jasho kama mtu anayetwanga.

Elisée alifurahi mno. "Muniangalie!" akawaambia wote pale nyumbani Nakivale. "Muke wangu analipa nauli ya kwenda kujifunza kunyamaza! Bwana asifiwe! Mimi nilikuwa naomba hii tangu harusi!" Nilimtupia mwiko. Lakini kila asubuhi kabla ya kuwasha moto nilikaa nyuma ya nyumba, nikahesabu, na yeye akawafukuza kuku wasinisumbue. Kwa hiyo simlaumu sana.

Jumamosi ya tatu Gaudiose akaongeza kazi. Alikuwa ananisimulia jambo refu, mtu fulani alitoka wapi, akapita wapi, na nani, siku gani, na mimi niliweke vipande vipande ndani ya nyumba yangu mwenyewe kichwani: kijiji alikotoka nikiweke mlangoni, mto aliovuka jikoni, dada yake kitandani. Halafu nipite nyumbani mwangu nikiokota. Mwanzoni nilipoteza nusu. Baadaye nikawa narudisha yote, hata rangi ya kitenge cha dada. Nilijisikia mtu, nawaambia! Nilitembea mpaka stendi ya taksi nikijisifu peke yangu.

Kilichonishinda ni cha mwisho. Akimaliza kusema, nivute pumzi tatu kabla sijafungua mdomo. Naye, mjanja yule, alikuwa anakatisha sentensi katikati makusudi na kunyamaza. "Nilikuwa na mama yangu, tulipofika darajani yeye..." Kimya. Mimi moja kwa moja: "Alikufa!" Tukarudia. "Alikufa!" Mara ya nne akaweka mkasi chini.

"Apolline, mtu akinyamaza unaogopa nini?"

Nilitaka kusema siogopi kitu. Nikavuta pumzi ya kwanza, ya pili, na kabla ya ya tatu machozi yakashuka. Nilimwambia kwamba kimya cha mtu kikizidi, ndani yake wanaingia watu wangu mimi. Naona barabara ile ya Sange walikofia. Ndiyo maana namfungia mtu sentensi haraka, ili mlango usibaki wazi. Siku zote nilidhani ni huruma kwake. Ilikuwa pia huruma kwangu.

"Waache waingie," akasema Gaudiose. "Hesabu, huku wapo. Hawatakuzuia kusikia." Akarudi kwenye cherehani.

Niliendelea hivyo wiki saba. Pascasie alishasahihishiwa karatasi zake, akahamia kwa mume wake, na nasikia wanagombana vizuri tu. Lakini kila niliposimama kutafsiri Kansiime aliinua macho kuniangalia, na nilijua anangoja kosa.

Basi siku moja ya Jumanne akaingia Yvette. Wa kwetu kabisa, Mfuliiru wa bonde la Ruzizi, mwanamke wa miaka kama thelathini, watoto watatu wameshika kitenge chake. Tukaenda vizuri: jina, kijiji, siku ya kuondoka. Kansiime akauliza idadi ya watoto.

"Bane," akasema Yvette, nikampa Kansiime: wanne.

Kansiime akahesabu kwa kalamu, mmoja, wawili, watatu. Akauliza wa nne. Nikamuuliza Yvette, "Na wa ine, mama?"

"Wa ine ni Audace," akasema. "Tulipofika Luvungi, yeye..."

Akainamisha kichwa.

Nawaambia, neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Nilijua ugonjwa, nilijua njia, karibu nijue hata kaburi. Nikavuta pumzi moja. Watu wangu wakaingia wote, barabara nzima, nikawaacha wasimame. Nikavuta ya pili. Ya tatu ikaisha na Yvette bado ananyamaza, nikaanza kuhesabu upya. Mtoto mdogo akamvuta kitenge. Nje mtu alikuwa anaita majina ya wanaopewa sabuni.

Kansiime akagonga meza kwa kalamu. Akachoka kungoja, akainama kuelekea kwa Yvette na Kiswahili chake kile kile. "Amekufa?"

Na nikaona kidevu cha Yvette kinaanza kushuka. Kidogo kidogo, kama mtu anayekubali kubeba mzigo ili tu wasimwulize tena. Ile ndiyo "ndiyo" niliyokuwa nawapa watu miaka yote, na kalamu ya Kansiime ilishagusa karatasi.

"Bwana Kansiime, subiri," nikasema. "Huyu mama hajamaliza."

Aliniangalia vibaya. Kazi yangu ni kubeba maneno, si kumwamuru ofisa, na sote wawili tulilijua hilo. Nikafikiri, Vanessa mwanangu, utanisamehe. Sikuondoa macho kwa Yvette. Nikamwambia tu, "Chukua wakati yako, dada," nikarudi kwenye moja.

Nilifika sita.

"Hakukufa," Yvette akasema. "Nilimuacha."

Halafu ikatoka yote, bila kituo. Mtoto alishikwa na surua, hakuweza kutembea, na yeye alikuwa na mwingine mgongoni na wawili mkononi. Akamwacha Luvungi kwa mama mmoja muuza chumvi, nyumba ya pili nyuma ya kanisa. Njia nzima watu walipomuuliza walimmalizia wenyewe kwamba amekufa, na yeye akaitikia kwa kichwa, ju mama aliyefiwa wanampa maji, lakini mama aliyemwacha mtoto wake watamwita nini? Mimi nikaweka kila kitu nyumbani mwangu: surua mlangoni, chumvi jikoni, kanisa dirishani. Nikampa Kansiime kwa Kiingereza, lote, bila kupunguza, bila pole yangu. Akafuta alichokuwa ameanza kuandika. Akachukua fomu ingine, ya watoto wa kutafutwa.

Umri? Sita. Alama? Jino la mbele limetoka. Anaogopa mbwa. Kitu kingine?

Yvette akafikiri. Nikangoja, na safari hii Kansiime naye akangoja, kalamu juu.

"Halali kama hajashika sikio ya mutu," akasema. "Wamuambie yule mama amupe sikio."

Nikatafsiri hivyo hivyo. Kansiime akageuza fomu mbele, akageuza nyuma.

"Hii naandika wapi? Hapa hakuna nafasi yake."

"Andika pembeni," nikamwambia. "Lakini iandike."

Akaiandika.