Siku Nguzo Ilipohama

Mshale wa mtungi wa oksijeni ulikuwa umeshaingia sehemu nyekundu, nami nikawa naukodolea macho kama mtu anayelinda maziwa jikoni, ati nikiutazama sana utaona haya kushuka. Mume wangu, mzee wangu, alikuwa kitandani, mito imemwegemeza mgongo, mrija wa hewa puani. Kando yake, mashine iliyompa hewa kila siku ilikuwa kimya. Sikujua kwamba kelele ya mashine inaweza kupendwa hivyo mpaka nilipoikosa.

Umeme ulikatwa kwa ombi langu mwenyewe.

Ngoja nieleze. Nyumba zetu ni za wazee watupu, zimezunguka uwanja mmoja wa kuegeshea magari, na katikati kabisa ya lango la uwanja ule ilisimama nguzo ya umeme. Aliyeichimbia pale alikuwa anawaza nini, hatukupata kujua. Gari halikupita. Mwenye mkongojo, mwenye goti bovu, sote tulijikokota hadi barabarani, tukapanda magari huku wenye haraka zao wakitupigia honi. Wajukuu wangu niliwatungia kitendawili: ana mguu mmoja, na amewashinda wenye magurudumu manne. Walicheka sana. Mimi kicheko kiliniisha siku mzee wangu alipoishiwa pumzi katikati ya njia ile, akakaa kwenye ukingo wa mtaro, suruali yake nzuri ikilowa, nami sina nguvu za kumwinua.

Basi nikaanza safari za ofisi ya umeme. Nilikwenda mpaka mlinzi wa getini akawa ananiita shangazi. Jirani yangu Bi Miwani, tuliyemwita hivyo kwa sababu alikuwa na miwani machoni na nyingine kichwani na bado akiuliza miwani yake iko wapi, alinisindikiza, akasema pale niliposhindwa. Mwishowe wakakubali kuihamishia nguzo kwenye kona ya ukuta. Umeme ungekatwa asubuhi na kurudi adhuhuri. Tukaletewa mtungi wa oksijeni wa kutuvusha hapo, na aliyeuleta akaapa kwamba utatosha na kubaki.

Kazi yenyewe waliifanya vizuri, sina la kuwalaumu. Adhuhuri nguzo mpya ilikuwa imesimama wima kwenye kona, ya zamani imepakiwa kwenye lori na kuondoka. Pale langoni palibaki shimo na rundo la udongo. Nikangoja taa iwake. Haikuwaka.

Nikatoka. Msimamizi wa mafundi nilimkuta mbele ya sanduku la swichi, mikono kiunoni. Alinieleza bila kunitazama. Kila fundi, kabla ya kugusa waya, hufunga kufuli lake mwenyewe kwenye swichi ile na kukaa na ufunguo mfukoni, asije mtu akawasha umeme naye yuko juu. Makufuli yote yalikuwa yamefunguliwa, isipokuwa moja. Mwenye nalo alikwenda na lori kuishusha nguzo ya zamani bohari, na msimamizi mwenyewe ndiye aliyemtuma. Wakampigia simu. Ikalia ndani ya mkoba wake, uliotundikwa ukutani hapo hapo.

"Likate," nikamwambia. "Mkasi wa chuma mnao, nimeuona."

"Siwezi, mama."

"Mume wangu anaishiwa hewa, mwanangu."

Akageuka. Naye midomo ilikuwa imemkauka. "Kufuli hili ni uhai wa mtu, mama. Nina hakika yuko kwenye lori. Lakini nikilikata leo kwa sababu nina hakika, kesho mwingine atalikata kwa sababu ana hakika."

Nilitaka kumzaba kofi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimwelewa.

Nikarudi ndani. Mshale ulikuwa umelala. Mzee wangu alinitazama kwa macho ya mtu anayetaka kuuliza na hana pumzi ya swali. Nikafanya nililozoea kufanya tukiwa na hofu, nikamtegea kitendawili. Nikamwambia asiseme kitu. Asipojua ainue kidole, nijue amenipa mji. "Kadiri ninavyomnoa ndivyo anavyofupika."

Akainua kidole.

"Mji nimeuchukua," nikasema. "Jibu ni penseli."

Kidole hakikushuka. Nilikikamata nikakishusha, akakiinua tena, amekunja uso kama anayegombana na mtoto mjinga. Ndipo nikageuka kufuata kinakoelekea: dirishani, ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha kinyozi. Taa ya kinyozi ilikuwa inawaka. Upande ule ulikuwa na laini yake ya umeme.

Nilipiga ukelele hata sijui nilisema nini. Mafundi walikuja mbio. Tukamkalisha kwenye kiti chake cha magurudumu, magurudumu yakazama kwenye udongo wa lile shimo, wakakibeba naye juu yake. Msimamizi aliikumbatia mashine kifuani, Bi Miwani akafuata na waya, akiwaamuru wenye magari wasimame, nao wakasimama. Kwa kinyozi kulikuwa na mteja amenyolewa nusu kichwa. Aliinuka bila kuulizwa. Wakachomoa mashine ya kunyolea, wakachomeka yetu.

Ikanguruma.

Sote tulisimama tukiitazama midomo ya mzee wangu mpaka weusi uliokuwa umeiingia ukaanza kuondoka. Kisha kinyozi akakohoa, akauliza kwa adabu kama mzee naye apunguzwe kidogo, maadamu ameshakaa. Mzee wangu akaitikia kwa kichwa. Yule wa nusu kichwa akasema yeye hana haraka, ila mkewe asipite tu.

Fundi mwenye kufuli alirudi alasiri, akafungua bila kumtazama mtu.

Shimo lilizibwa, lango likawa wazi, na kila jirani aliyeshushiwa mlangoni alinishukuru kama mimi ndiye niliyelichimbua jiti lile. Tukapata miaka pamoja, siyo michache.

Gari lililomchukua mzee wangu kwa mara ya mwisho lilifika hadi kizingitini. Nilikuwa nimeshika kofia yake, nikitaka kumfunga kifungo cha koti shingoni kwanza, maana kulikuwa na baridi. Walikuwa vijana wema, wepesi wa kazi. Kabla sijakifikia kifungo, mlango wa gari ulikuwa umeshafungwa.