Duara la Mama Limi

Jamani, hii hamtaamini, ila ilitokea! Nyarugusu ya Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, mwaka sabini na tisa, mchana kweupe, na chanzo chake chote ni mgongo wa Donatus.

Donatus alikuwa fundi magari, mume wa Bernadina. Nyuma ya nyumba yao alikuwa na kigari cha spoti, chekundu, milango miwili, roho yake yote. Alikinunua kibovu kwa Mgiriki mmoja wa kiwanda cha pamba aliyekuwa anarudi kwao. Kizuri, lakini kifupi hicho! Boneti yake inamfika mtu mapajani. Donatus akiinamia injini kidogo tu, anatoka amejikunja kama ndoano, na Bernadina anamkanda kwa maji ya moto mpaka mikono inakufa ganzi.

Safari hii akalala wiki nzima. Bernadina akasema, "Baba Limi, ukilala hivi tena, kigari nakiuza vyuma chakavu."

"Bora uniuze mimi, Mama Limi."

"Nani atakununua na mgongo huo?"

Wakacheka, ila Bernadina jibu lile lilimkaa moyoni. Yeye ni mtoto wa mchimbaji. Sururu aliijua kabla ya mwiko. Donatus alipopata nafuu akaenda sokoni kutafuta plagi, huku nyuma mwanamke akachimba shimo mbele ya pua ya gari, la kupita magoti kidogo, kuta zimenyooka, na kingazi cha kushukia. Donatus kurudi, akashuka, akasimama wima. Injini hii hapa kifuani! Akaegemeza viwiko kwenye madigadi, kikombe cha chai pembeni, akaanza kupiga mluzi. Bernadina hakuwa ameusikia mluzi ule tangu mtoto wao Limi ananyonya.

Sasa, Nyarugusu ukifukua udongo umejiitia wageni. Jirani yao Bujiku, mchimbaji, akapita akaona lile lundo lina mawe meupe. Akapasua moja, akalilamba, akaligeuzia jua.

"Shemeji! Hili linang'aa!"

Chai haijapoa, uani watu tele, sururu na makarai juu. "Sogezeni gari!" "Donatus, toka humo, umekanyaga utajiri!"

Donatus, kichwa kimezama kwenye injini: "Ngojeni nifunge kabureta."

"Yaya, yaya, hapana, tulieni!" Bujiku akawazuia. "Duara, shimo la dhahabu, ni la aliyelifungua. Shimo hili kachimba Mama Limi. Aseme yeye."

Bernadina akalishika jiwe. Dhahabu kweli; vipunje kama ulezi, kama vile alivyokuwa anaviona kiganjani mwa baba yake. Akamtazama mumewe: shati grisi tupu, mgongo umenyooka kama mchi, na mluzi unaendelea.

Akaketi ukingoni, akaning'iniza miguu shimoni.

"Duara hili lina mtu. Kachimbeni kwingine."

"Shemeji, umerogwa?"

"Na nani, na kigari?"

Donatus akainua kichwa. "Mama Limi, hebu kaa kwenye usukani, piga stata."

Akapiga. Kikakohoa, kikakohoa tena, halafu kikanguruma, watu wakaruka nyuma na sururu zao! Donatus anacheka humo shimoni, meno yote nje, wala hajashika kiuno.

Na lile shimo halikuchimbwa zaidi, mpaka wanazeeka. Haya, sema wewe: chini ya miguu ya mwenzio kuna dhahabu, na yeye yuko juu yake anapiga mluzi. Wewe ungefanya nini?