Choo Kisicho na Komeo

Bupe alipomaliza mafunzo ya awali ya umeme katika chuo cha Annandale, huko Marekani, mama yake alikishika kile cheti kwa ncha za vidole, akakisoma kutoka juu hadi chini, kisha akauliza, "Kwa hiyo ndiyo unaenda kupanda ngazi?"

"Ndiyo, mama. Nitapanda."

Mama yake, Benadetha, alikuwa amehudumia wazee wa watu kwa miaka kumi na mmoja, akiwaosha, akiwalisha na kuwageuza vitandani. Alitamani binti yake asomee uuguzi kama mabinti wenzake wa kanisani. Lakini Bupe, mwenye miaka ishirini na mbili, alikuwa akimwona mama huyo akishuka ngazi za nyumba yao Temple Hills kinyumenyume, mkono mmoja kiunoni. Alijiambia kwamba kama ni mwili kuchakaa, basi uchakazwe na kazi aliyoichagua mwenyewe.

Alipangiwa kujifunzia kazi kwenye jengo la ghorofa saba lililokuwa likijengwa karibu na stesheni ya treni, Takoma Park. Wanaume walikuwa karibu tisini, mwanamke yeye peke yake. Msimamizi wao, Ethan, Mzungu mwenye sauti ya upole, alimkabidhi ufagio. Alifagia wiki tatu. Wiki ya nne akawekwa chini ya fundi Gervas, mtu wa Bukoba aliyekuwa Marekani tangu Bupe hajazaliwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu! Loo, leo nimepata mtu wa kuniamkia kwenye vumbi hili!"

Gervas alimfundisha kukunja mabomba ya chuma ya kupitishia waya. Mengi aliyaharibu. Siku moja likatoka moja limenyooka vizuri na kona yake sawasawa, na mzee akalifunga ukutani, ghorofa ya nne. "Hilo litakaa humo hata sisi tukishakufa," alisema. Siku hiyo Bupe alirudi nyumbani akiongea bila kunyamaza, na mama yake, japo moyo haukuwa umekubali, alicheka.

Tatizo lilikuwa choo. Pale chini uwanjani palikuwa na vibanda viwili vya plastiki. Kimoja kilikuwa kimejaa hakiingiliki. Kingine kilikuwa kimevunjika komeo. Mara mbili mlango ulifunguliwa Bupe akiwa ndani, na mara ya pili yule mwanaume hakuwa na haraka ya kuufunga.

Alimwambia Ethan.

"Wiki hii tutaweka komeo," Ethan alisema.

Wiki ikapita, na nyingine. Aliporudi kuuliza, Ethan alivua miwani akajisugua macho. "Bupe, nina jengo la kumaliza."

Ndipo Gervas akajitolea. Bupe akienda, yeye alisimama nje akiwa ameupa mlango mgongo, akipiga mluzi. Wenzake wakambatiza jina: mlinzi wa choo. Mmoja akamchora ukutani kwa kalamu nene, ameshika bunduki mbele ya kibanda. Wiki ya kwanza Gervas alicheka nao. Wiki ya pili alisema, "Leo kazi ni nyingi, mwanangu, wewe nenda tu upesi." Wiki ya tatu, Bupe alipomtazama, mzee aliinama kutafuta kitu kwenye sanduku la vifaa.

Basi Bupe akaacha kunywa maji. Asubuhi hakugusa chai, na kazini hakuweka hata tone mdomoni tangu saa kumi na mbili mpaka saa nane na nusu. Ulikuwa mwezi wa saba, na ghorofa zile zisizo na madirisha zilichemka kama sufuria.

"Mbona midomo imepasuka hivyo?" mama yake aliuliza.

"Jua tu, mama."

Alhamisi moja alikuwa juu ya ngazi, akivuta waya darini. Masikio yakaanza kuvuma. Bomba moja akaliona mawili. Aliita, "Mjomba," na alipozinduka alikuwa sakafuni kwenye zege, mkono wa kulia umebaki chini ya mwili. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika mahali pawili.

Siku ya kuandika taarifa ya ajali, Ethan aliketi naye ofisini, na mwanamke wa makao makuu ya kampuni akauliza kupitia simu.

"Maji ya kunywa yalikuwepo?"

"Yalikuwepo."

"Kuna mtu aliyekukataza kunywa?"

"Hapana, lakini choo hakikuwa na—"

"Nimekuuliza kuhusu maji."

Bupe akawaambia wamuulize Gervas, yeye anajua yote. Gervas aliulizwa. Akaandika kwamba maji yalikuwepo kila ghorofa, na kwamba habari za choo hazijui.

Jumapili baada ya ibada Bupe alimpigia simu.

"Mjomba, ulikuwa unasimama pale mlangoni."

"Nilikuwa nasimama."

"Sasa kwa nini uliandika hujui?"

"Mwanangu, nina miaka hamsini na minane. Wakinitoa pale, nani atanichukua? Wewe bado kijana, una nafasi." Akavuta pumzi. "Nisamehe."

Bupe akakata simu.

Barua ilifika mwezi wa nane. Ilisema hakuzingatia kanuni za usalama. Jina lake limeondolewa kwenye orodha ya wanagenzi. Anaweza kuomba tena baada ya mwaka. Aliomba kwa wakandarasi wengine wawili. Wa kwanza aliuliza kwa nini aliacha kule, akasikiliza, akashukuru. Wa pili hakujibu kabisa. Plasta ilipotolewa, kifundo kiligeuka nusu tu kikagoma. Bisibisi aliishika, lakini skrubu haikuzunguka.

Mwezi wa kumi Mama Benadetha alimwombea nafasi kule anakofanya kazi. Msimamizi wa zamu alimtazama Bupe kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Unaweza kumwinua mtu?"

"Naweza."

Siku yake ya kwanza, yeye na mama yake walimkuta mzee mmoja mnene ameteleza hadi mwisho wa kitanda chake, miguu inaning'inia. Bupe aliingiza mikono chini ya mgongo wake. Maumivu yakapanda kutoka kifundoni hadi begani, na macho yakamjaa machozi. Mama yake, aliyesimama upande wa pili, aliyaona. Alihesabu tu, "Moja, mbili, tatu," wakainua.