Grégoire Asiimbe

Mwalimu Polycarpe Ndagijimana alikuwa amekwisha kuchagua nyimbo zote za maziko yake. Alizipanga kwa namba, akaandika kando ya kila moja iimbwe kwa mwendo gani na watu wasimame wapi. Lililobaki lilikuwa kuamua nani asiimbe, na hilo halikumchukua muda.

Ulikuwa mwaka 1954, majira ambayo maharage huanikwa katika nyua zote za Lushebere, huko Masisi. Uvimbe uliomshika kooni tangu Pasaka ulikuwa umemla sauti kidogo kidogo, kama panya anavyolila gunia, hata yeye aliyeifundisha kwaya ya kilima kile kwa miaka kumi na saba hakuweza tena kutoa ila mnong'ono. Muuguzi wa misheni hakumficha neno: mvua zijazo hatazifikia. Polycarpe alimshukuru, akamwambia mkewe amletee karatasi.

"Wafu hawaongozi kwaya," alimtania Sebarenzi, kaka yake mkubwa, alipomkuta akipiga mistari ya noti kwa rula.

"Kwaya yangu itaongozwa," alinong'ona Polycarpe.

Mtu ambaye hakutakiwa kuimba aliitwa Grégoire Hakorimana. Walikuwa wamesoma pamoja miaka sita katika internat, shule ya bweni ya mapadri: dawati moja, bweni moja, kengele moja ya alfajiri. Polycarpe alizijua noti. Grégoire alikuwa na koo. Mmoja alipewa elimu ya wimbo, mwingine akapewa wimbo wenyewe, na aliyepewa elimu hakumsamehe Mungu kwa mgawanyo huo. Alipokuwa mkubwa wa kwaya ya wanafunzi alimweka Grégoire katika sauti ya pili mwaka baada ya mwaka, akisema kwamba kwaya inahitaji uwiano. Siku hizi Grégoire alikuwa mwalimu huko Mpofi, upande wa Walikale, na hakufika Masisi ila kwa harusi na misiba. Hata hivyo, kila alipofika, kilima kizima kilijua kwamba amefika.

Miaka miwili nyuma walimzika mzee Mbonigaba. Polycarpe alitunga wimbo wa sauti tatu kwa ajili ya siku ile, akaifundisha kwaya muda wa siku nne. Grégoire akafika amechelewa, tope hadi magotini, akasimama kando ya kaburi, akaimba sauti ya kwanza bila kuombwa. Wanawake walishikwa wasianguke. Wanaume wazima waligeuka wakatazama migomba. Na jioni, njiani kurudi nyumbani, Céline Mukamurenzi, mkewe Polycarpe, alisema huku akifuta macho:

"Sauti ile! Hata maiti angeomba akae kidogo asikilize."

Alilisema bila ubaya, akalisahau kabla hawajafika. Polycarpe hakulisahau. Toka siku ile aliamini kwamba Mbonigaba alizikwa mara mbili, mara ya kwanza chini ya udongo, mara ya pili chini ya sauti ya mtu. Kwa maana alipowauliza wanakwaya walichokumbuka kwa marehemu, wote walimtajia Grégoire. Je, naye angelala katika sanduku huku mkewe akimlilia mwingine? Alitaka jambo moja tu duniani: kwamba machozi ya Céline siku hiyo yawe yake, yote, hata tone moja lisiende kwa jirani.

Basi akaandika. Aliandika kwa Kifaransa, kwa sababu internat ilikuwa imemfundisha kwamba neno zito huandikwa katika lugha nzito, na kwa sababu alijivunia mwandiko wake. Namba ya kwanza: wimbo wa kutokea nyumbani, bila ngoma. Namba ya pili: njiani kimya mpaka kwenye msalaba wa njia panda. Namba ya tatu: kinanda kisibebwe kaburini, unyevu utakiharibu. Namba ya nne: mwanangu Edmond asiache mtihani wake kwa ajili yangu. Namba ya tano: kaburini uimbwe wimbo wangu mwenyewe, na sauti ya kwanza aishike Albert. Albert alikuwa mwashi mwema, mwenye sauti kama mlango wa zizi. Namba ya sita: Grégoire Hakorimana asiimbe.

Kilimani kwao neno la mwisho la mtu huitwa irage. Husemwa jua likiwa juu, mbele ya mashahidi watatu wasiolala katika nyumba ile, na kila agizo mashahidi huliitikia, "Tumesikia." Likiisha kuitikiwa halivunjwi. Mwenyewe peke yake ndiye anayeweza kulirekebisha, nalo kabla mashahidi hawajainuka vitini; wakiinuka, limefungwa. Polycarpe, asiye na sauti, alikuwa amepatana na Padri kwamba amsomee barua ile na kuigeuza katika Kiswahili. Lakini wiki ile Padri aliitwa kutembelea makanisa ya upande wa Walikale. Alipopita Mpofi alimkuta Grégoire shuleni, akamwambia, "Mwenzako anazidiwa, nenda ukamsaidie kusoma." Padri hakuijua namba ya sita.

Siku ya irage, mashahidi wakiwa wameketi kumngoja Padri, Grégoire aliingia na kofia mkononi. Alikuwa amekonda kidogo, na jambo hilo lilimfurahisha Polycarpe.

"Kaka Polycarpe. Nimetembea siku mbili. Ile njia ya Mpofi iko tope tupu."

"Afazali umefika," alisema Sebarenzi, na kabla mgonjwa hajafumbua kinywa akampa ile barua. "Hapa hakuna mwingine anajua Kifaransa. Soma, mwalimu, jua linageuka."

Polycarpe aliona kosa lake lote kwa mara moja. Kilima kizima kisichosoma Kifaransa kilikuwa na mtu mmoja wa kukisoma, na ndiye huyo aliyeandikwa. Angeweza kunyoosha mkono na kuichukua karatasi. Lakini mtu aliyeandika neno na kuogopa lisomwe, aliandika nini? Akainua kidole: soma.

Moyoni alijifariji. Ataruka, alijiambia. Akifika namba ya sita ataruka, nami nitakufa nikijua kwamba hakuwa na sauti ila ya kudanganyia watu.

Grégoire alisoma, akigeuza katika Kiswahili. Namba ya kwanza, "Tumesikia." Namba ya pili, "Tumesikia." Kwa Albert shahidi mmoja alikohoa, lakini wakaitikia. Kisha macho ya msomaji yakatangulia kwenye mstari uliofuata, yakasimama. Alivuta pumzi kama afanyavyo mwimbaji, akasoma kwa sauti ileile, bila kuipunguza:

"Namba ya sita. Grégoire Hakorimana asiimbe."

Hakuna aliyeitikia. Nje kuku walikuwa wakiparua maharage na hakuna aliyewafukuza. Mwishowe Grégoire mwenyewe akasema, "Nimesikia," akaikunja karatasi vizuri katika mikunjo yake ya zamani.

Hata hapo Polycarpe alimwonea wivu: hakuna mtu angeweza kusoma jambo la kumwaibisha kwa uzuri namna ile.

Céline alisimama kutoka penye mafiga. "Papa Edmond! Hata siku ya kuzikwa utasimama kunichunga? Unataka nilie na kipimo?"

"Mama, mugonjwa huyu," alisema Sebarenzi.

"Acha, shemeji. Ningetaka sauti, ningeolewa na sauti. Ilikuja na pombe kwa baba yangu kabla yake yeye, mimi njo nilikataa!"

Grégoire aliangalia viatu vyake. Mashahidi, ambao walikuwa wameanza kushika fimbo zao ili wainuke, wakakaa tena vizuri sana.

"Ulimposa?" alinong'ona Polycarpe.

"Zamani, kaka. Tulikuwa tumetoka tu internat."

"Hukuniambia."

"Nikuambie nini? Kwamba nimefukuzwa?"

"Kwa nini ulimkataa?" Polycarpe aligeuza macho kwa mkewe.

"Alinisemesha mchana muzima," alisema Céline, "na mchana muzima alikuwa anajisikiliza yeye mwenyewe. Hata uji alikuwa anaunywa kwa wimbo."

Mashahidi wakacheka hadi mmoja akashika mbavu, na Grégoire akacheka nao, kwa haya. Furaha ilimpanda Polycarpe kama moto wa majani makavu, na kama moto huo ikazimika upesi. Kwa hiyo miaka yote ile mtu huyu alikuwa akiimba mbele ya mwanamke aliyemtaka! Katika kila harusi! Sebarenzi alikwisha kusimamisha fimbo yake. Kiti cha kwanza kikalia.

Polycarpe alipiga rula kwenye ubao wa kitanda. Wote wakatulia. Sheria ni sheria, hata aliyojiwekea mwenyewe moyoni: amemsikia mtu akisoma hukumu yake pasipo kuruka herufi, na mtu wa namna hiyo hazuiwi mlangoni. Lakini sheria haikumlazimisha awe mkarimu.

"Aimbe," alinong'ona. Akapumzika. "Sauti ya pili."

"Toka internat mpaka leo, Polycarpe!" Grégoire alipiga paja. "Hata kufa unaniweka chini ya Albert?"

"Tumesikia!" walipaza mashahidi, wakainuka haraka, asije akaongeza neno.

Jumapili iliyofuata kwaya ilifanya mazoezi uani, ili mwenye wimbo ausikie. Albert alianza, na mlango wa zizi ukalia. Kisha sauti ya pili ikaingia chini yake, polepole, pasipo kujionyesha, kama mtu anayetia bega chini ya mzigo wa mwenzake mlimani. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Albert alitembea wima. Polycarpe alifumba macho. Wimbo ule alikuwa ameusikia namna hiyo mahali pamoja tu, kichwani mwake, siku alipouandika. Papo hapo wivu ukamwuma upya: sasa watasema Albert anaimba vizuri.

Akafumbua macho. Céline alikuwa ameketi mlangoni, amempa mgongo, akichambua maharage kwenye ungo. Mikono yake ilikuwa imesimama. Polycarpe aliitazama shingo ya mkewe muda mrefu, apate kujua ni sauti gani iliyoisimamisha mikono ile. Hakuuliza. Aliogopa kuuliza.

"Ule mustari wa mwisho," alisema Céline bila kugeuka, "wanaukimbiza. Wewe hukuandika vile."

Ndivyo alivyokuwa akifikiri yeye, neno kwa neno. Akapiga rula kwenye kitanda mara mbili, kwa nguvu zote alizobakiza. Uani wakanyamaza.

"Mwalimu anasema nini?" aliuliza Grégoire.

"Anasema polepole!" Céline aliwapazia. "Mwenye safari iko yeye, na yeye hana haraka."

Wakaanza tena, tangu mwanzo.