Sukari ya Agha Lotfali

Msafara wa Maka ulikuwa uondoke Ijumaa asubuhi, na ilipofika Jumatatu Agha Lotfali, mkopeshaji fedha wa soko la Kashani, alikuwa ameshapata radhi za watu wote isipokuwa mtu mmoja. Mmoja tu! Tena mtoto wa kike wa marehemu mfuma mahameli, hana mbele wala nyuma.

Safari ile huiendei na dhuluma ya mtu mgongoni. Unapita nyumba kwa nyumba unaomba, "Nihalalishie, ndugu yangu," naye anakujibu, "Nimekuhalalishia, nenda salama." Asipokujibu hivyo, utazunguka Al-Kaaba mpaka miguu iote sugu, bure. Na Agha Lotfali aliitaka mno safari hii. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Wenzake wote sokoni waliitwa Haji. Hata muuza supu ya vichwa vya kondoo aliitwa Haji, na tajiri mzima kabaki Agha mtupu, yaani bwana tu. Ilimuuma.

Jumatatu hiyo alibisha kwa Bibi Mahsoltan, mjane wa mfuma mahameli, akijua ni jambo la kufumba na kufumbua.

"Mimi nilishakusamehe zamani, Agha," mjane alisema nyuma ya mlango. "Lakini mwenye haki yake si mimi. Ni Golandam."

"Golandam ndiye nani?"

"Ee, makubwa! Binti yangu. Yuko kwenye kitanda cha kufumia, pita umwulize."

Agha akapita uani. Binti wa miaka kumi na minane, ushungi umemfika kwenye nyusi, alikuwa anafuma, wala hakuinua kichwa.

"Binti yangu, nakwenda Maka. Nihalalishie."

"Sikuhalalishii."

Agha alidhani masikio yamezeeka. "Umesemaje?"

"Nimesema sikuhalalishii. Kuna kitu changu unacho."

"Mimi? Kitu gani?"

"Ukishakijua, uje."

"Lakini mwanangu, mimi na wewe hatujawahi hata kuonana!"

"Tumeonana, Agha," Golandam alisema, akaendelea kufuma. "Wewe ndiye hukuniona."

Agha akarudi dukani. Akamwita karani wake, Mirza Naghi, mzee mwenye wino mpaka kwenye ndevu, akamwamuru afungue daftari la miaka kumi na miwili nyuma, mjane alipokuja kukopa. Mirza akalamba kidole, akafunua, akasoma: "Mjane wa mfuma mahameli. Mkopo, tomani thelathini. Umerudishwa, tomani thelathini. Sukari ya mawe, kipande kimoja, tomani sita. Imelipwa."

"Basi?"

"Basi. Safi kama maji ya chemchemi."

Na kweli ilikuwa safi. Riba ni haramu, hilo kila mtoto analijua, na Agha Lotfali hakula riba, astaghafirullah! Alikukopesha thelathini ukamrudishia thelathini, hakuna hata shahi moja ya ziada. Ila siku ile ile mlipokaa kuandikiana, alikuuzia kipande cha sukari ya mawe kwa tomani sita. Hiyo ni biashara, na biashara Mungu ameihalalisha. Soko zima lilifanya hivyo, wengine kwa kiberiti, wengine kwa leso. Yeye alipenda sukari, kwa sababu ilipendeza machoni.

"Sasa huyu mtoto ananidai nini?" Agha aliuliza.

"Labda anataka vitu vya arusi yake," Mirza Naghi alisema. "Mpelekee kitu, Agha. Wanawake hawa ukiwapa kitambaa wanalainika."

Jumanne akampelekea mtandio wa Kermani wenye thamani ya tomani nane. Golandam akaugeuza huku na huku kwa jicho la fundi.

"Mzuri," alisema. "Mpelekee mkeo."

Jumatano akaja na kondoo. Kondoo akala majani ya mjane, akanya mlangoni, akarudishwa. Majirani walikuwa wamepanda juu ya mapaa kutazama, na mmoja akapiga kelele, "Agha! Jaribu ngamia!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Agha Lotfali alitaka kulia. Si hasira, la. Hakuelewa tu. Mtu unayemdhulumu si utamkumbuka? Si utakuwa na kidonda mahali fulani moyoni, ukikigusa kinauma? Alijipapasa kote, hakukuta kitu. Alichokuta ni Agha Lotfali mwema, anayesali kwa wakati na kujaza maji birika la msikiti kila mwezi wa Muharram.

Alhamisi, ngamia wameshakodiwa, mkewe naye ameshashona mkate mkavu kwenye mifuko, alikuwa dukani ameketi kama mgonjwa. Akaingia mfanyabiashara wa kasumba, anataka tomani mia. Mirza Naghi akaandika. Halafu, kama kawaida, akanyoosha mkono kwenye shubaka, akaleta sinia la shaba lenye kile kipande cha sukari.

"Agha anakuuzia sukari hii kwa tomani ishirini."

"Nimenunua," yule mtu alisema, akagonga muhuri wake, akachukua fedha, akaaga, akaenda zake. Sukari ikabaki kwenye sinia. Mirza akaipuliza vumbi, akairudisha shubakani.

Agha Lotfali alimtazama. Jambo hili alikuwa ameliona kwa miaka thelathini bila kuliuliza.

"Mirza. Mbona hakuichukua?"

"Nani?"

"Yule mtu. Si ameinunua?"

Mirza akacheka. "Agha naye! Nani anaichukua? Hiyo ni ya kusemea tu."

"Hajawahi kuichukua mtu hata mmoja?"

"Hata mmoja. Wanajua adabu." Mirza akafikiri kidogo. "Kuna mtoto mmoja tu, miaka hiyo, alikuja na mama yake. Mama alipolipa, kile kitoto kikasema, 'Mama, ni yetu?' Mama akasema, 'Ndiyo, tumeinunua.' Kikanyoosha mkono. Wewe ukakichapa vidole kwa rula ya shaba. Kililia kweli! Tulicheka sana siku ile."

Agha hakukumbuka. Wallahi hakukumbuka. Alijaribu kuiona rula mkononi mwake na hakuiona.

"Tumeiuza mara ngapi, Mirza?"

"Sukari? Hii hii?" Mirza akapiga hesabu kwa vidole vyake vyeusi. "Na huyu wa leo, mia mbili arobaini na moja."

Hapo ndipo akili ya Agha Lotfali ilipovurugika kabisa. Kama kuuza kule kulikuwa kweli, basi sukari ilikuwa mali ya mtu wa kwanza, na wengine wote mia mbili na arobaini aliwauzia kitu kisicho chake. Na kama haikuwa kweli, ilikuwa ya kusemea tu, basi zile tomani sita zilikuwa nini? Alilijua jina la fedha hizo, lile la haramu. Hakutaka kulitamka. Akalivuta sinia, akalikumbatia kifuani, akatoka mbio bila viatu, Mirza akimwita nyuma, "Agha! Agha! Sukari yetu!"

Njiani kichwa kilimzunguka. Nampa huyu, sawa. Na wale wengine? Nikimpa yeye, si nampa mali ya watu? Nisipompa, naendaje Maka? Watu walimpisha wakimpa mkono. "Haji! Umeshakuwa Haji!" Akawapita mbio.

Golandam alikuwa pale pale alipomwacha. Safari hii aliinua kichwa, na macho yake yakaenda kwenye sinia yakatulia hapo.

"Umekijua," alisema taratibu.

"Nimekijua, mwanangu." Akamsogezea sinia. "Nilikupiga. Sikumbuki, lakini naambiwa nilikupiga. Hii hapa. Mama yako aliinunua. Ni yako."

Mjane alikuwa amesimama mlangoni, leso mdomoni. Golandam aliacha kufuma. Kwa muda alionekana mtoto kabisa, nusu anaamini, nusu haamini. Kisha akanyoosha mkono wake kwenye sinia, polepole, vidole vimejaa nyuzi za hariri.

Na mkono wa Agha Lotfali ukaifunika sukari.

Hakuuamuru. Naapa hakuuamuru! Ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda miaka thelathini kila mkono wa mtu ulipolisogelea sinia lile. Wote watatu wakautazama: mkono mnene, pete ya akiki, umeibana sukari pale pale. Agha alitaka kuuondoa. Alijiambia, uondoe. Haukuondoka upesi ilivyopasa, na alipouondoa, mkono wa Golandam ulikuwa umesharudi mapajani.

"Chukua," Agha alisema. "Chukua, mwanangu, nakuomba. Sijui... huo si mimi."

"Ni nani, basi?" Golandam aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli.

Agha Lotfali akaketi chini. Kulipokucha Ijumaa, kengele za ngamia wa Maka zilisikika zikitoka lango la mji, naye alikuwa angali ameketi uani kwa mjane, sinia magotini, akiutazama mkono wake.