Mbogo wa Ngarambe na Risasi za Natalia

Mume wangu Fikirini ndiye mchinjaji wa kijiji chetu, Ngarambe, na mimi Muzdalifa ndiye mkewe, yaani ndiye ninayekosa raha kila mnyama mkubwa anapopigwa. Mbogo si mbuzi. Akifa kwa risasi kabla kisu hakijafika shingoni, watu wetu wanamhesabu kibudu, na hakuna atakayemla. Kwa hiyo mchinjaji lazima amkimbilie akiwa bado anapumua, na mbogo anayepumua bado ana pembe. Risasi ikimlegeza sawasawa, tumepata kitoweo. Isipomlegeza, mimi ni mjane.

Ndiyo maana niliposikia afisa wanyamapori ameletwa kuliua dume la mbogo lililotuharibia mpunga, nilikwenda mwenyewe kumtazama. Dume lile lilikuwa limeshampiga pembe jirani yetu Hashimu, akatoka hospitali anachechemea, na watu walikuwa wameacha kwenda mashambani mpunga ukiwa umeiva.

Nikamkuta mwanamke. Natalia, mtu wa bara, mwembamba, sauti yake ndogo mpaka unainama kumsikia. Alikuwa amejaza mchanga uliolowa maji kwenye magunia, kayapanga mstari nyuma ya ofisi ya kijiji, na anayapiga risasi.

"Ama kweli," nikasema kwa sauti ili asikie. "Mbogo anakula mpunga, huyu anaua magunia."

"Shikamoo, mama," akasema, akicheka. "Njoo uone haya magunia yamekufaje."

Nikaipokea shikamoo yake kwa ubaridi, lakini nikaenda. Mie umbeya siwezi kuukataa.

Alikuwa na risasi za aina mbili. Kwangu risasi zote zilikuwa risasi, sikujua kama zina makabila. Za kwanza ni zile za siku zote, ganda jembamba nje na madini laini ya risasi ndani. Za pili ni shaba tupu, kuanzia ncha hadi kitako. Akachimbua magunia, akaniwekea mkononi alichokipata. Ile ya siku zote ilikuwa imebaki kipande kilichopondeka, na vipunje vingine vya kijivu tulivipata gunia hili na gunia lile, vingine vidogo kuliko chenga za mchele. Ile ya shaba ilikuwa imekwenda mbali zaidi, gunia la mwisho kabisa, imechanua mdomo lakini nzima.

"Hivi vipunje," akasema, "kwenye mnyama vinatawanyika nyamani. Vingine huvioni hata ukiosha. Ni sumu, mama, hasa kwa watoto na wenye mimba."

Mara ngapi nimetafuna nyama ya porini nikatema kitu kigumu, nikasema ni mchanga! Na nikaendelea kula, na mwanangu Kudra nikamtilia sahani nyingine. Nilimtazama yule binti kwa jicho jipya. Watu wangapi wamekuja na bunduki Ngarambe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria sufuria yangu.

Fikirini akafika, akasikiliza, akakunja uso. Yeye ni mbishi tangu namjua.

"Shaba ni ngumu," akasema. "Itapita kama sindano, mbogo atakimbia nayo. Hizi za zamani zinapasuka ndani, mnyama analala. Mimi ndiye ninayemwendea kwa kisu, binti yangu, siyo wewe."

Nilidhani Natalia atamjibu kwa vyeo. Hakumjibu hivyo. "Ni kweli, baba, wewe ndiye unayemwendea," akasema. "Ndiyo maana nataka itakayovunja mfupa na kuendelea hadi kwenye mapafu. Ile laini ikikutana na bega la mbogo inaweza kuishia hapohapo. Lakini shaba nayo ina ubaya wake. Inaweza kutokea upande wa pili ikiwa bado na nguvu. Nikiwa nimeitia bundukini, nyuma ya mnyama asisimame mtu. Na ukiniona nimempiga, usikimbie mpaka nikuite."

"Sawa," akasema Fikirini, kwa ile sawa yake ambayo naijua mimi.

Natalia akarudi kwenye magunia, akapiga tena ya shaba na tena ya zamani, akirekebisha darubini na kulizoeza jicho, kwani bunduki ileile, alituambia, haizipeleki risasi hizo mbili mahali pamoja, na yeye alitaka kujua kila moja inaangukia wapi. Sikumkejeli tena.

Alfajiri iliyofuata nilikuwa juu ya dungu letu, lile jukwaa la miti tunalolindia mpunga. Fikirini alinikataza nisiende, nikamwambia shamba ni langu pia. Natalia alijibanza kwenye kichuguu upande wa chini, Fikirini kando yake na kisu chake. Mimi kule juu nilikuwa nawaona wote.

Dume likatoka kwenye matete kulipopambazuka, jeusi, likila bila haraka kama mwenye shamba. Bunduki ikalia. Mbogo akaruka, akakimbia kidogo, akaanguka kifudifudi mpakani mwa shamba. Akaanza kulia ile sauti nzito ya mnyama anayekata roho.

Sauti hiyo ndiyo inayowatia wazimu wachinjaji. Fikirini akaona nyama inageuka kibudu machoni pake. Akachomoka, akazunguka kwa upande wa matete ili amfikie mbogo shingoni, kisu juu, huku akiomba kwa sauti.

"Baba Kudra, subiri!" Natalia akapiga kelele. Siku hiyo sauti yake haikuwa ndogo.

Mbogo akasimama.

Alisimama akimtazama mume wangu, kampa Natalia mgongo. Wote watatu walikuwa kwenye mstari mmoja, na mimi juu ya dungu nimeshika mti. Kichwa cha mbogo kikainama. Nikamwangalia Natalia apige. Hakupiga. Alikuwa amefungua bunduki, anatoa risasi iliyokuwa ndani, anapapasa mfuko wa shati.

Nilimtukana. Matusi niliyomtukana yule binti sitayarudia. Nilidhani bunduki imekwama, nilidhani amechanganyikiwa, nilidhani mume wangu ameshakufa. Yeye hakuinua hata uso. Akatia risasi nyingine, akafunga, akalenga kama aliyekuwa peke yake duniani.

Mlio. Miguu ya nyuma ya mbogo ikakatika chini yake, akakaa, kisha mbele nako kukalegea. Natalia akamfikia, akamtazama pembe na macho, ndipo akamwita Fikirini kwa mkono. Kisu kikapita mnyama bado anapumua.

Nilishuka dungu sijui nilishukaje. Nikamshika Natalia mabega. "Ulikuwa unafanya nini?"

Akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na risasi ya shaba. "Hii ingeweza kumtoka mbogo, mama, ikamwingia Baba Kudra. Nikampiga kwa ile laini, kwenye nyonga. Hiyo inaishia mifupani."

"Na ulikuwa nayo mfukoni tayari?"

"Sijawahi kuona mchinjaji akasubiri," akasema.

Nilimkumbatia, nikalia, nikamwomba radhi kwa matusi. Akasema hakusikia hata moja. Najua alisikia yote.

Watu wakaja na visu na mabeseni. Natalia akaonyesha jeraha la pili, akasema nyonga yote na mapaja ya nyuma vikatwe vifukiwe, nyama ile ina vipunje. Minong'ono ikaanza. Mapaja ya mbogo! Hashimu akawa wa kwanza kuinama na kisu.

"Kuzika nyama nzuri hivi ni wazimu," akasema. "Tutaosha."

Nikachukua jembe la mtu, nikaanza kuchimba mwenyewe.

"Leo hapa lilikuwa lichimbwe kaburi, Hashimu," nikamwambia. "Shukuru tunazika paja."

Hashimu akasimama wima. Akakirudisha kisu chake alani. Fikirini akaja akanipokea jembe, akaanza kuchimba.