Bunduki Isiyowekwa Chini

Mughwai alifika dukani kwa Kasamali, mjini Singida, saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi, mwezi wa tatu, mwaka wa nne wa vita vya Wazungu. Begani alibeba mzigo wa nta aliyoikamua kwenye mizinga yake ya Mtinko. Kwa mkono wa kushoto alishika kamba ya katani, na ncha ya pili ya kamba hiyo ilifungwa kiunoni mwa binti yake, Dorika, mwenye umri wa miaka tisa. Dorika alielea nyuma yake, juu kidogo ya vichwa vya watu, akisogezwa huku na huku na upepo. Walipofika mlangoni Mughwai aliivuta kamba ili mtoto asigonge uso kwenye boriti.

"Karibu, Mughwai," Kasamali alisema. "Mfunge mtoto pale nje kwenye nguzo ya punda, kuna kivuli."

"Huyu namtaka hapa ndani. Nimekuja kuchagua bunduki ya upepo, na ataitumia yeye. Yeye na mimi, kwa zamu."

Kasamali aliipima nta, akatikisa kichwa kukubali, akaenda stoo.

Wepesi ulikuwa umeanza mwezi wa kwanza. Uwele wa mwaka uliopita ulikuwa umestawi, lakini kabla haujapoa darini Jumbe Alute alipita nyumba kwa nyumba na barua iliyosema askari walioko vitani wanahitaji chakula. Lori likaja, likajaa, likaondoka. Kilichobaki kiliishia Krismasi. Baada ya hapo watu walikula mlenda mkavu, na mlenda ulipokwisha walikunywa maji yake. Watu wazima walikonda kama watu wazima wanavyokonda. Watoto wao walikuwa wepesi. Ndani ya nyumba za tembe haikuwa taabu, kwa sababu dari ni ya chini. Mtoto alipanda hadi kwenye boriti, akapata masizi kichwani, akavutwa mguu, akashuka. Taabu ilikuwa nje. Kina mama waliwafunga watoto mawe, lakini mtoto mchezo ukimkolea hulitua jiwe lake. Isaka, mtoto wa miaka mitano wa jirani yao Cecilia, alilitua lake ili amkimbize mjusi. Ilipofika jioni hakuonekana tena.

Dorika alikwisha kulitua jiwe lake mara tatu. Mara ya tatu baba yake alimkuta amenaswa kwenye miiba ya mgunga, juu kabisa, akilia kwa sauti ndogo.

Ndipo Mughwai alipofikiri habari ya bunduki. Tangu kuzaliwa hakupata kuona mtu, awe mtoto au askari, aliyepewa bunduki akaisahau chini. Zaidi ya hayo, uwele ulikuwa karibu kutoa masuke, ndege wangekuja, na tangu mkewe Raheli afariki hakuwa na mtu wa kumsaidia kulinda. Chakula hakikuwapo dukani kwa nta wala kwa kitu kingine chochote. Bunduki ilikuwapo. Jumbe Alute alimpa cheti cha kuimiliki bila hata kumkalisha barazani, kwa maana serikali ilitaka ndege wapungue.

Kasamali alirudi na bunduki tatu, akazilaza juu ya meza.

"Hii ndiyo ya mtoto," alisema, akaiinua ya kwanza. Ilikuwa fupi, kitako chake kimepakwa rangi nyekundu. "Wenyewe wameitengeneza nyepesi. Kwa bunduki ya kwanza usimpe mtoto kitu kizito, Mughwai. Mkono ukichoka, hawezi kulenga."

Mughwai alimshusha Dorika hadi kwenye sinia la mizani iliyotumika kupimia nta. Sinia halikushuka. Akampa ile bunduki nyekundu. Sinia lilishuka kidogo, lakini mteja mwingine alipofungua mlango na upepo ukaingia, Dorika aliinuka pamoja na bunduki yake hadi kwenye vibuyu vilivyoning'inizwa darini.

"Hapana," Mughwai alisema.

Ya pili ilimshusha mpaka vidole vya miguu tu vikagusa sinia. Ya tatu ilikuwa ya Mzungu mmoja mchimba dhahabu aliyeitwa vitani akauza vitu vyake vyote kwa siku moja. Ilikuwa ndefu, mtutu wake wa chuma kinene, na mkanda wa ngozi uliokauka. Kasamali alisema inafaa hata sungura, lakini kwa mtoto ingekuwa adhabu. Dorika aliikumbatia. Miguu yake yote miwili ilikaa juu ya sinia, visigino na vyote.

"Unaionaje, mama?" Mughwai alimwuliza binti yake.

"Nzuri, baba. Ila huku nyuma kunanipita."

Mughwai alipiga goti, akakiweka kitako begani mwa mtoto, akaupima mkono wake hadi kwenye kifyatulio. Ulipungua vidole viwili.

"Nilikwambia," Kasamali alisema. "Atachoka nayo."

"Akichoka atakaa chini. Hicho ndicho ninachokitaka."

Kasamali akachukua msumeno. Alikikata kitako vidole viwili, akaona kwamba sasa uzito umepungua, akatoboa tundu kwenye mti, akayeyusha madini ya risasi juu ya jiko la mkaa na kuimimina humo mpaka uzito ukarudi, na zaidi kidogo. Kwa kazi hiyo hakutaka nta ya ziada. Alisema yeye pia ana watoto, ingawa wao walikuwa wakila vizuri.

Walirudi Mtinko kwa miguu, wote wawili. Dorika alitembea mbele na bunduki begani, na kamba Mughwai aliikunja akaitia mkobani.

Mwezi wa nne ndege wakaja, wale wadogo wenye midomo myekundu, wengi kama moshi. Mughwai alijenga ulingo katikati ya shamba. Asubuhi Dorika alishika bunduki na baba yake akatupa mawe kwa kombeo. Mchana baba alishika bunduki, na Dorika akafungwa kwenye nguzo ya ulingo, akawa anaona mbali kuliko mtu yeyote pale kijijini.

"Wanatoka upande wa majabali, baba! Kundi kubwa!"

"Shuka uchukue. Kunja mtutu. Tia risasi. Usikaze shingo."

"Nilenge yupi? Ni wengi."

"Mmoja tu. Wengine watasikia habari."

Siku ya kwanza hakupata kitu. Siku ya nne alimpata mmoja, akacheka kicheko ambacho Mughwai hakukisikia tangu msiba. Ndege waliopatikana walichomwa na kuliwa pamoja na mifupa yao. Ndege kumi hawajazi kiganja, na Mughwai alisema hapendi nyama ya ndege, kwa hiyo wote walikuwa wa Dorika. Kufikia mwezi wa sita mtoto aliweza kusimama bila bunduki muda wa kuhesabu hadi ishirini kabla visigino havijaanza kunyanyuka.

Shamba lao lilikuwa zuri kuliko yote. Kwa majirani ndege walikula nusu, kwingine walibakiza mabua. La Mughwai lilisimama na masuke yake manene kama mkono wa mtu, na watu walipita kuliangalia. Cecilia alipita pia. Alisema angekuwa na bunduki kama ile angekuwa na mtoto, kisha akasaidia kuvuna.

Jumbe Alute alikuja wiki ya pili ya mavuno, na karani, na lori lile lile.

"Shikamoo, Jumbe," Mughwai alisema.

"Marahaba. Shamba lako limenipendeza. Nimelitaja hadi bomani." Alifungua karatasi. "Waliokuliwa na ndege tumewaonea huruma, tunachukua kidogo. Wewe hukuliwa. Wewe unajazia pengo lao."

"Jumbe, mwaka jana mlichukua, na mtoto akawa mwepesi. Unamjua. Umemwona juu ya mgunga."

"Nilimwona."

"Safari hii ataondoka."

Jumbe Alute alimtazama Dorika, aliyesimama mlangoni na bunduki yake begani, miguu chini.

"Mtoto wako ana bunduki," alisema. "Cheti nilikupa mimi mwenyewe. Wengine hata hicho hawana."

Hakusema kwa ubaya. Makarai yalipoanza kumiminwa kwenye magunia alisogea pembeni akaangalia majabali, na lori lilipoondoka aliacha karai moja zima ambalo karatasi haikulitaja. Lile karai na mabaki ya ghalani Mughwai aliyapima kwa kikombe. Kikombe kimoja kwa siku, cha mtoto. Yeye alisema tumbo linamsumbua.

Mwezi wa nane, asubuhi moja, aliinama kufunga viatu vyake vya ngozi na hakufika chini; visigino vilikuwa vimenyanyuka. Alijaribu tena. Kisha akaegemea ukuta kwa mgongo na kufikiri.

Toka siku hiyo bunduki ilikuwa ya zamu kwelikweli. Mwenye bunduki alikwenda kisimani na kuchimba mizizi. Asiye nayo alikaa darini, akafuma jamvi au akalala. Ikibidi kutoka wote, waliishika wote, baba kitakoni na mtoto mtutuni, kama watu wawili wanaochukua mti wa kujengea. Uzito wa bunduki moja uligawanyika na kuwatosha kama hapakuwa na upepo.

Karai lilipokwisha, Mughwai aliamua wamfuate dada yake, Martha, kule Ilongero. Shamba la Martha lilikuwa limeharibiwa vibaya na ndege hata hakuna jumbe aliyeona haja ya kulipitia, na bondeni, chini ya nyumba yake, bado kulikuwa na viazi vitamu. Walitoka alfajiri, kabla upepo haujaamka. Walipita majabali vizuri. Saa tatu waliingia mbugani, mahali pasipo na mti wala jiwe, na upepo wa mashariki ukawakuta katikati.

Kwanza iliinuka miguu ya Dorika, kisha ya Mughwai. Walipanda kimo cha mbuzi, wakashuka, wakapanda kimo cha ng'ombe. Bunduki ililala baina yao, ikivuta chini kwa nguvu zake zote, lakini ilikuwa moja.

"Dorika. Shika mkanda. Uvishe shingoni na kwapani."

"Nimevaa, baba."

"Fuata njia ya ng'ombe mpaka uone nyumba yenye ua wa mnyaa wa kijani mbele. Hapo ni kwa shangazi yako. Mwamkie kabla hujaomba chakula."

"Na wewe je?"

"Mimi nakwenda na upepo."

"Baba, tumshike mtu akija."

"Hakuna anayekuja, mama. Usikaze shingo ukilenga."

Akaachia. Dorika alishuka akasimama juu ya majani makavu, amekumbatia bunduki, akatazama juu muda mrefu. Alimwita mara mbili. Kisha alishika njia ya ng'ombe, na adhuhuri alifika kwa Martha, akaamkia, akapewa kiazi.

Upepo ulimchukua Mughwai kuelekea magharibi, halafu kusini. Huko juu kulikuwa na baridi na hakukuwa na chakula. Siku ya pili alimkuta Isaka wa Cecilia, bado ana miaka mitano, amekaa hewani akikunjua vidole vya miguu. Isaka aliuliza kama mama yake amekasirika kwa habari ya jiwe. Mughwai alisema hakukasirika. Akamshika mkono, wakaenda pamoja.

Walifika juu ya kituo cha reli. Hapo Mughwai aliona magunia. Yalikuwa yamepangwa kando ya reli kwa urefu wa shamba zima, ya mwaka huu juu ya yale ya mwaka jana, yakisubiri mabehewa ambayo yalikuwa yamepelekwa kwenye kazi nyingine. Turubai zilikuwa zimepasuka. Mvua ilikwisha kuyanyeshea yale ya chini, na uwele ulikuwa umeota kupitia kwenye matundu ya gunia, ukawa majani, na majani yakawa yameoza. Ndege wadogo wenye midomo myekundu walikuwa wamejaa juu yake wakila taratibu, kwa maana hapakuwa na mtu wa kuwafukuza. Mlinzi alikuwa kibandani kwake, anakunywa chai.

Mughwai alipiga kelele. Mlinzi alitoka, akatazama juu, akafunga kola ya koti, akarudi ndani.

Msimu uliofuata pepo ziligeuka na kumrudisha, yeye na Isaka, juu ya Mtinko. Uwele ulikuwa umetoa masuke. Dorika alikuwa juu ya ulingo. Jumbe Alute alikuwa amemwita kutoka Ilongero aje alinde shamba, akalikata jina la Mughwai kwenye cheti na kuandika la mtoto. Mughwai alimwona binti yake akikunja mtutu na kutia risasi. Shingo hakuikaza. Kundi lilipita juu yake, jeusi, na hakulipiga. Alisubiri hadi ndege wakatua, ndipo akalenga chini, kwenye masuke, mmoja mmoja.

Jumbe Alute alisimama chini ya ulingo.

"Mbona unawaacha wanaopita juu? Ni wengi kule."

"Juu sipigi, mzee," Dorika alisema. "Baba yuko huko."

Jumbe alitazama juu, akaweka kiganja machoni kwa sababu ya jua. Alimwona, akamwinulia mkono, kama mtu anavyomsalimu jirani aliye ng'ambo ya shamba. Kisha akaliangalia shamba, upande huu na upande ule.

"Hata hivyo limependeza," alisema. "Nitawaambia mwaka huu waje na malori mawili."

"Ndiyo, mzee," Dorika alisema, akatia risasi nyingine.